Miwani ya mutoto iko mu sheria, na jua iko bure

Kila mwaka, wakati ya kupana bulletin, kunakuwa bazazi benye kurudia ku nyumba na hasira. Mutoto ni mujinga, ao ni muvivu, ao anachezea mu kalasi: fimbo inatoka. Lakini mu bale batoto, kuko benye habana ujinga ata kidogo. Habaoni tablo. Banakaa nyuma, mwalimu anaandika, beye banakopia mu kaye ya mwenzabo, na mwenzabo akikosa, beye pia banakosa. Muzazi anaweza kupitisha miaka mbili ao tatu bila kujua, juu ku nyumba mutoto anaona muzuri: anachagua mawe mu muchele, anaingiza uzi mu sindano, anasoma telefone ya baba. Nani atawaza kama ule mutoto iko na shida ya macho?

Hii shida banganga banaiita miopi. Jicho ya mutoto inakomea pamoja na mwili, lakini kwa bamoja inarefuka kupita kipimo. Mwangaza unapoingia, picha inasimama mbele ya ukuta wa nyuma ya jicho, haifike ku ukuta yenyewe. Kwa hiyo kitu ya karibu inaonekana safi, kitu ya mbali inakuwa kama moshi.

Kipimo yake inaitwa dioptri, na banaiandika na alama ya kutosha mbele: -1, -2, -4. Hesabu iko rahisi, bantu ba mine tunaweza kuifanya sisi benyewe: gawanya metre moja kwa ile namba. Mutoto wa -1 anaona safi mpaka metre 1. Wa -2, mpaka nusu metre. Wa -4, mpaka sentimetre 25, ni kusema kama urefu wa kaye yake. Kupita pale, moshi inaanza. Angalia basi: mutoto wa -2, ata bamukalishe ku banki ya mbele kabisa, tablo iko tena mbali kupita macho yake. Kumusogeza mbele kunasaidia, lakini haiko dawa.

Ubaya mukubwa wa miopi ni kama haisimame paka pale. Yenye ilianza ku miaka 7 itaendelea kupanda kila mwaka, mpaka wakati kijana anamaliza kukomea. Yenye ilianza mapema njo inafika mbali. Na ikipita -6, maneno haiko tena ya tablo. Ukuta wa nyuma ya jicho umevutwa, umekuwa mwembamba, na mu utu uzima unaweza kupasuka ao kuchomoka, ao glokoma inaingia, ule upofu wenye kuja polepole bila maumivu. Miwani itamusaidia kuona, lakini haiwezi kurudisha jicho ku urefu wake wa zamani. Hakuna munganga mwenye kuweza kufanya vile. Kwa hiyo kazi ni kupunguza mwendo wakati mutoto angali anakomea, na kila dioptri moja yenye hakufika ni faida yake mpaka uzee.

Mu miji mikubwa ya Asia ya mashariki, vijana bengi sana banamaliza masomo ya sekondari banabeba miopi. Huku kwetu Afrika hatujafika kule. Banganga benye walipima banafunzi ba sekondari mu Mwanza, inchi ya Tanzania, walitoa hesabu yabo mu mwaka 2002: batoto kama 6 ku 100 walikuwa na macho yenye kuhitaji miwani, karibu bote shauri ya miopi, na mu bale, paka moja ku tatu njo alikuwa na miwani. 6 ku 100 inaonekana kidogo. Lakini weka batoto 60 mu kalasi moja, kama tunavyoona tangu masomo ya primere ikuwe bure mu 2019: batatu ao bane habaoni, na mwalimu hana namna ya kubajua. Na batoto betu beko banaingia mu njia ileile ya batoto ba Asia: telefone tangu miaka mbili, masomo, etude, na mulango umefungwa.

Sasa, dawa ya kwanza ni ile yenye haiuzwe. Ni mwangaza wa inje.

Mu mwaka 2015, banganga ba mji wa Guangzhou, inchi ya China, walitangaza matokeo ya jaribio yabo. Walikamata masomo 12 ya primere. Mu 6, waliongeza dakika 40 za kuwa inje kila siku ya masomo kwa batoto ba mwaka wa kwanza. Mu 6 ingine habakubadilisha kitu. Nyuma ya miaka 3, kule kwenye habakubadilisha kitu, batoto karibu 40 ku 100 walikuwa bameanza miopi. Kule kwa dakika 40, walikuwa 30 ku 100. Dakika 40 tu, hakuna dawa, hakuna mashine. Inchi ya Taiwan, tangu mwaka 2010, inaomba masomo yake itoshe batoto inje dakika 120 kila siku, na hesabu ya macho yenye ilikuwa inaharibika miaka na miaka ikaanza kurudia muzuri.

Ni jua gani ile inafanya kazi? Hapana kuangalia jua yenyewe, ile inaunguza jicho, mutoto asijaribu ata siku moja. Ni mwangaza wa muchana, kama unavyofika mu macho wakati mutoto anacheza. Mu kalasi mwangaza uko mudogo sana. Chini ya muti wa maembe, ata ku kivuli, unapita ule wa kalasi mara kumi na zaidi. Mwangaza mukubwa unasukuma jicho kutoa dawa yake yenyewe ya ndani, na ile dawa, banganga banawaza, njo inazuia jicho isirefuke. Haiombe mutoto akimbie, haiombe mupira. Akae inje achambue maharagi pamoja na koko yake, ni muzuri.

Lakini tuseme kweli mpaka mwisho: mwangaza wa inje una nguvu zaidi kwa kuzuia miopi isianze. Kwa mutoto mwenye tayari iko nayo, unasaidia kidogo, hautoshe peke yake. Kwa hiyo kungojea mpaka mutoto afinye macho, kiisha kumusukuma inje, ni kuchelewa. Batoto ba miaka 5, 6, 7, njo benye kupashwa kuwa inje saa mbili kila siku, kukusanya asubui na mangaribi.

Minasikia tayari mama mumoja wa Kingamyambo ananiuliza: inje gani? Na iko na haki ya kuuliza. Tangu miaka ya 1950, Concentrateur ya Kolwezi ilikuwa inatupa mabaki ya madini huku, na ile bassin ya Kingamyambo, yenye sasa banarudilia kuchimbua juu ya shaba na kobalti, kila muntu wa Kolwezi anaijua. Mu kipwa, upepo ukipiga, na makamio yakipita, mama anafunga madirisha na anaita batoto ndani. Anafanya muzuri juu ya kifua yabo. Anafanya mubaya juu ya macho yabo. Ule mama habapashwe kumupa lawama. Habakumuachia njia ya tatu.

Vumbi haileti miopi, tusichanganye. Vumbi inaleta macho mekundu, machozi, kuwashwa. Lakini mutoto mwenye kufikicha macho kila siku kwa nguvu anaweza kuharibu umbo ya mbele ya jicho, na ile ni shida ingine, nzito kupita miopi. Macho yenye kuwasha wiki na wiki ionekane na munganga. Isinunuliwe dawa ya matone ku soko. Mu bile bichupa kunakuwa mara mingi kortizoni, yenye inapoza haraka, kiisha inapandisha presio ya jicho bila mutoto kusikia kitu.

Kwa hiyo, wakati kampani zinaandika cahier des charges pamoja na bakaaji, neno ya kumwangia maji mu barabara haiko neno ya usafi tu. Ni neno ya macho na ya kifua ya batoto. Iandikwe na saa: mara ngapi ku siku, barabara gani, na nani anahakikisha. Kiwanja cha masomo kipandwe miti. Muembe moja inagharimu kiasi gani? Na balimu ba primere, tunabaomba kwa heshima: rekreasio isikatwe kwa kupana malipizi. Mutoto mwenye alikosa hesabu akibakishwa ndani, bamemuongezea deni mbili.

Kuko muntu moja, mwenye mizaha, aliniambia: basi batoto benye kuosha mawe ku mutoni beko na macho muzuri kupita bote, juu banashinda inje. Sikucheka. Mutoto anapashwa kuwa inje kwa kucheza, hapana kwa kubeba mufuko wa minere. Ule mwenye kushinda mu mine hana miopi, pengine, na hana masomo pia, na mugongo wake umevunjika ku miaka 15. Hii maneno ya jua hakuna muntu aitumie kwa kufunika ile.

Ndani ya nyumba, bintu biwili. Kitabu ao telefone isikuwe karibu kupita urefu wa kutoka ku ngumi mpaka ku kisugulu ya mutoto. Na nyuma ya nusu saa, anyanyue macho, aangalie mbali, ku mulango, ku muti, ku jirani. Telefone ndogo njo inavuta uso karibu kupita bitabu byote. Kwa batoto badogo sana, tuiache mu mufuko wa baba.

Kuko uongo moja wenye kutembea mu quartier zote, ku Kapata, ku Luilu, ku Musonoie: eti miwani inaharibu macho, mutoto akivaa leo kesho atapashwa kuvaa ya nguvu zaidi. Ni kweli atapashwa kubadilisha, lakini juu jicho inaendelea kurefuka, haiko juu ya miwani. Bamoja, ata ku maduka ya miwani, banapana mutoto miwani ya nguvu kidogo kupita kipimo yake "kusudi macho isizoee". Mu Malesia walijaribu ile: walipana batoto bamoja miwani kamili, bengine miwani pungufu. Matokeo ilitoka mu mwaka 2002. Benye miwani pungufu, miopi yabo njo ilipanda mbio zaidi. Basi, miwani kamili, ile ya kipimo.

Mu inchi zingine banganga banaongeza tena bintu. Matone ya atropini ya nguvu ndogo sana, kila mangaribi mbele ya kulala: mu Hong Kong walionyesha kama ya 0,05 ku mia inaweza kupunguza mwendo wa miopi kupita nusu mu mwaka wa kwanza. Kuko pia miwani yenye vioo vya namna ingine na lantiye za kuweka ndani ya jicho, zenye kupunguza mwendo karibu nusu. Ni dawa ya munganga wa macho, na kipimo ya munganga wa macho. Sisemi muikimbilie. Nasema mutoto wa wakubwa ba kampani anaweza kuipata kwa kupanda ndege, na mutoto wa chauffeur wa benne hajapata bado ata miwani ya kawaida.

Pale njo tunafika ku neno ya sendika.

Code du travail ya inchi yetu, sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002, mu article 177, inasema patron anapashwa kupana matunzo ya afya kwa mutumishi na kwa jamaa yake. Article 178 inahesabu ile matunzo ni nini. Kuko munganga, kuko dawa, kuko kulala ku lopitali, kuko meno. Na kuko, kwa jina, gharama ya miwani. Walioandika ile sheria habakusema "miwani ya mutumishi". Walisema matunzo ya mutumishi na ya jamaa. Bibi yake na batoto bake beko ndani.

Lakini angalieni namna inavyopita. Mwaka uliopita mwanachama wetu moja, mwenye kuendesha engin mu kampani moja ya sutretansi, alileta ordonnance ya binti yake wa miaka 10. Ku bureau ya personnel walimujibu: miwani ni ya mutumishi, kwa batoto ni luxe. Luxe! Ule baba, kila mwaka banapima macho yake mbele ya kumurudishia engin, juu banaogopa avunje engin. Alinunua miwani na feza yake, akakosa kulipa nyumba ule mwezi. Nyuma delege akaenda, akasoma article 178 mbele ya chef, polepole, mara mbili. Feza ilirudishwa ku paie nyuma ya miezi mbili. Hakukuwa greve, hakukuwa makelele. Ilikuwa paka karatasi na muntu mwenye kujua kuisoma.

Bengi mu sutretansi banawaza kama ile sheria ni ya bantu ba kampani kubwa, benye kuvaa gile muzuri. Haiko vile. Patron wako ni ule mwenye ulisaini naye contrat, na sheria inamushika ata akuwe na batumishi kumi. Akikuambia kampani kubwa haikumupatia feza ya ile, ni maneno yabo bawili, haiko yako.

Tunaomba tena ku patron neno moja yenye sheria haikufafanua, na tunataka iingie mu convention collective. Mutoto mwenye miopi anapashwa kupimwa kila miezi 6 ao mwaka, juu kipimo yake inabadilika. Kampani zingine zinaweka "miwani moja ku miaka 3". Kwa baba wa miaka 45 inaweza kutosha. Kwa mutoto wa miaka 9, miwani ya miaka 3 imepita ni miwani pungufu, na tumekwisha kuona ile inaleta nini.

Na isikuwe ordonnance tu. Mu Dar es Salaam, inchi ya Tanzania, walijaribu namna mbili kwa banafunzi ba sekondari: bamoja walipewa miwani bure mu mukono, bengine walipewa karatasi tu waende kununua. Nyuma ya miezi 3 walirudi kuangalia. Mu bale ba miwani bure, 47 ku 100 walikuwa banaivaa ao banayo ku masomo. Mu bale ba karatasi, 26 ku 100. Tunaona bintu biwili pale. Karatasi haivaliwe ku macho. Na ata ikiwa bure, nusu habavae, juu banachekwa, ao bazazi banakataza. Ile nusu ingine iko kazi yetu, mu nyumba yetu.

Na benye habana patron? Bachimbaji ba mukono, bamama ba soko, bazee benye walitoka Gécamines mu departs volontaires na leo banalea bajukuu? Kwabo, article 178 haisemi kitu. Lakini Code minier yenye ilibadilishwa mu Machi 2018 inalazimisha kila kampani yenye kuchimba itoshe, kwa chini kabisa, 0,3 ku mia ya chiffre d'affaires yake kwa maendeleo ya bakaaji benye kuguswa na kazi yake. Ile feza inaendeshwa na komite yenye bakaaji iko ndani. Mpaka leo, bakati ya kuchagua miradi, tunasikia paka majengo, na ruban ya kukata. Tablo ya herufi ya kupima macho ni karatasi moja ya kubandika ku ukuta, metre 6, mwalimu moja mwenye walifundisha asubui moja. Batoto bote ba primere ba Kingamyambo banaweza kupimwa mu wiki mbili, na bale benye habaoni batumwe ku munganga wa macho, na miwani ilipwe na ileile feza. Bale benye kutuwakilisha mu komite, tunabauliza waziwazi: walishaomba ile, ndiyo ao hapana?

Muzazi hapashwe kungojea komite. Leo mangaribi, simamisha mutoto ku mulango, afunike jicho moja na mukono bila kukandamiza, umuonyeshe kalendari ya jirani ao namba ya kamio yenye kupita kule, umuulize anasoma nini. Kiisha jicho ingine. Fanya na wewe vilevile, pale pale. Kama wewe unasoma na yeye hasomi, ao jicho moja inasoma na ingine haisomi, ao anafinya macho, umupeleke kupima, ku Mwangeji ao ku lopitali ya kampani yako.

Ukitoka na ordonnance, fanya kopi yake. Unganisha acte de naissance ya mutoto na karatasi ya composition familiale, upeleke ku bureau ya personnel, na uombe basaini ku kopi yako na tarehe. Wakikataa, uombe bakatae kwa maandishi. Bengi, wakisikia vile, banakumbuka sheria palepale. Benye habakumbuki, leteni ile karatasi kwa delege wenu, na delege atajua mulango wa Inspection du travail uko wapi.